«Тормозит» kwa Kiingereza: slow, sluggish, laggy, freezing au throttled?

Mteja ameandika sentensi moja tu kwa Kirusi: «Телефон тормозит после обновления», yaani simu imekuwa nzito baada ya sasisho. Wewe unatakiwa kuigeuza iwe Kiingereza kitakachosomwa na fundi asiyejua hata herufi moja ya Kirusi. Neno lenyewe, тормозит, husomeka “tarmazit” na limetokana na тормоз, yaani breki. Dereva akikanyaga breki, Mrusi hutumia kitenzi hicho hicho. Lakini Mwingereza hasemi simu inafunga breki. Ukimwandikia “my phone is braking” atadhani umekosea tahajia ya “breaking”, aanze kuuliza kuhusu kioo kilichopasuka.

Hapo ndipo mfasiri hukwama. Kamusi itampa orodha ndefu, na kila neno katika orodha hiyo ni sahihi mahali fulani: slow, sluggish, laggy, freezing, hanging, stuttering, throttled. Nimeyapanga katika makundi matano na kuyapima yote kwa vipimo vile vile, ili ukikutana na lalamiko la Kirusi ujue ushike lipi.

Ninaowafikiria zaidi ni Waswahili waliosomea Urusi. Wako wazee waliopita Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, na wako vijana waliomaliza juzi mwaka wa lugha, ule wanaouita podfak, ambao sasa wanachukua kazi ndogo ndogo za tafsiri mtandaoni. Kirusi walichofundishwa darasani kilikuwa cha fizikia, udaktari na uhandisi. Malalamiko ya mtu ambaye simu yake imemchosha saa tano usiku hayakuwamo kitabuni.

Vipimo vinne

Cha kwanza ni dalili. Mtumiaji anaona nini hasa? Kifaa kinakwenda polepole muda wote, kinachelewa kuitikia kikiguswa, kinaganda kisha kinaachia, au kuna mtu amekipunguzia kasi makusudi? Mrusi anaweza kusema тормозит kwa hali zote hizo. Mwingereza akitumia neno moja kwa zote atampotosha anayemsikiliza.

Cha pili ni muda. Kitenzi cha Kirusi hubeba umbo linaloonyesha kama jambo linajirudia au limetokea mara moja likakamilika. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu tangu utotoni anajua tofauti kati ya simu inayogandaganda na simu iliyoganda. Sema lalamiko kwa Kiswahili kwanza, kimoyomoyo, na mara nyingi umbo la Kiingereza litajitokeza lenyewe.

Cha tatu ni uzito wa lugha: je, ni maneno ya kijana anayecheza gemu, barua kwa huduma kwa wateja, au taarifa ya kampuni?

Cha nne ni mtego, yaani kosa ambalo neno hilo humvuta mfasiri kulifanya. Kwangu hiki ndicho kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote, maana maneno mengi ya Kirusi ya kompyuta yametoka Kiingereza, na yamebadilika njiani.

Slow

Dalili yake ni mwendo uliopungua tu. Kila kitu kinachukua muda kuliko kawaida: kuwaka, kufungua picha, kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine. Hakuna kuganda wala kurukaruka. «Комп тормозит» inakuwa “My computer is slow” au “My computer is running slow”.

Tazama yaliyobadilika. Mrusi hakutaja kompyuta ni ya nani, kwa sababu inaeleweka. Kiingereza kinadai “my”, la sivyo sentensi inasomeka kama maandishi ya lebo. Kuna pia kitenzi. «Медленно работает» ikifuatwa neno kwa neno huleta “works slowly”, sentensi isiyo na kosa la sarufi ila inayomtambulisha mgeni papo hapo. Kompyuta kwa Kiingereza “runs”, na katika malalamiko ya kila siku watu husema “running slow” hata kama mwalimu wa sarufi angependa “slowly”.

Upande wa muda, Kirusi hutumia wakati uliopo kwa tatizo lililoanza zamani na bado lipo: «Телефон уже неделю тормозит». Usiandike “is slow already a week”. Mzawa wa Kiingereza atasema “My phone has been slow for a week”. Vivyo hivyo sentensi tuliyoanza nayo, ile ya sasisho, inatulia vizuri zaidi ikiwa “My phone has been slow since the update” kuliko ikitafsiriwa kwa “after”, kwa sababu “since” inamwambia fundi kwamba hali haijakoma.

Uzito wake ni wa kila mahali. Bibi anaweza kulisema, mhandisi pia, na haliudhi mtu. Linamfaa mteja wa kawaida, na linamfaa mfasiri aliyepewa mstari mmoja bila picha wala maelezo. Mtego wake ni upana wenyewe: fundi akisoma “slow” atarudisha swali, slow katika kufanya nini? Kama Kirusi kimetaja kitendo, kibebe: “slow to start up”, “slow to open photos”, “takes forever to load”. Hilo la mwisho linafaa sana kwa «долго грузится» na kwa «долго думает», ambapo Mrusi huisema kompyuta kana kwamba inafikiri.

Sluggish

Hapa kifaa kinaitikia, lakini kwa uzito, kana kwamba kinaburuzwa. Kiswahili kina kusuasua na kujivuta. Kirusi kina подтормаживает. Kile kiambishi под- mwanzoni hupunguza makali: tatizo lipo, ni la kiasi, linakuja na kuondoka. «Планшет подтормаживает» inakaa vizuri kama “The tablet feels a bit sluggish”. Neno “feels” si la kupambia. Waingereza hulitumia kwa sababu “sluggish” hueleza jinsi kifaa kinavyohisiwa mkononi, bila kudai kwamba kuna aliyepima kwa saa. Na “a bit” ndiyo под- yenyewe. Mfasiri anayeandika “The tablet is very slow” amelikuza lalamiko, na kama maneno hayo yanaambatana na nyota za tathmini ya bidhaa, amemwonea aliyeitengeneza.

Mrusi akizidi kukasirika atasema «тупит», kutoka тупой, butu. Ni butu ile ile ya kisu na ya akili, kama kwetu. “Sluggish” hubeba maana lakini hudondosha tusi. Katika tathmini ya bidhaa si hasara kubwa. Katika mazungumzo ya filamu ni hasara, na hapo “My phone’s being so slow right now” ina hasira iliyo hai zaidi. Akifika mwisho wa uvumilivu atasema «еле ворочается» au «еле шевелится», kwamba kifaa kinajigeuza kwa shida. Kiingereza kina jibu zuri kwa hilo: “It’s crawling”, au “It has slowed to a crawl”.

Uzito wa “sluggish” ni wa kati, na ni neno la kuandikwa zaidi kuliko kusemwa. Linamfaa mwandishi wa tathmini, barua ya huduma kwa wateja, ripoti fupi ya ndani. Kijana wa miaka kumi na saba hatalitamka. Mtego wake uko kwenye muda: linaeleza hali, kwa hiyo usilitumie kwa tukio moja la sekunde tatu.

Laggy

«Лагает» limetoka Kiingereza, kwenye “lag”. Limefika Urusi, likavishwa mwisho wa kitenzi cha Kirusi, likapanuka. Leo kijana wa Urusi anaweza kusema Word лагает kwa sababu imechukua dakika mbili kufunguka. Ukilirudisha nyumbani na maana hiyo pana, Mwingereza ataelewa kitu kingine, kwa sababu kwake “lag” ni pengo kati ya kitendo na jibu: unabonyeza herufi, inatokea baadaye, unaongea kwenye simu ya video, sauti inafika midomo imeshafungwa. Word iliyochelewa kufunguka ni “slow to open”, au “takes forever to open”.

Dalili ya pengo ikiwapo kweli, neno hili halina mpinzani. «Клавиатура лагает»: “There’s a lag when I type”. «Связь лагает» katikati ya mazungumzo ya video: “The call keeps lagging”. Wachezaji wa gemu wa pande zote mbili wana desturi moja inayopendeza, nayo ni kujifanya wao wenyewe ndio kifaa. Mrusi husema «я лагаю», na mwenzake wa Kiingereza husema “I’m lagging”, neno kwa neno, na zote ni za asili. Ni mara chache lugha hizi mbili kukubaliana kiasi hicho, basi usiharibu kwa kuandika “my connection is slow”.

Kuhusu muda, «лагает» ni “keeps lagging”, na «лагануло», lililotokea mara moja likapita, ni “It lagged for a second”. Uzito: “laggy” ni la mtaani, linafaa kwenye gumzo na kwenye maoni ya gemu, nomino “lag” imekubalika hata kwenye ripoti, mathalani “noticeable input lag”. Linamfaa mchezaji, mtangazaji wa moja kwa moja, mjaribuji wa programu. Haliwafai wanaoandikia benki au hospitali.

Freezing, pamoja na hanging, stuck na stuttering

Kundi hili nitakaa nalo zaidi, kwa sababu ndilo lenye makosa ya gharama. Mtu mwenye simu nzito anaweza kusubiri. Mtu mwenye simu iliyoganda hawezi kupiga.

Kirusi kina виснет na зависает, kutoka kuning’inia. Tazama jozi hii. «Телефон зависает» ni jambo la kujirudia: “My phone keeps freezing”. «Телефон завис» limekamilika: “My phone froze”, au, kama bado iko hivyo mkononi mwake, “My phone is frozen”. Kwa Kiswahili tungesema simu inagandaganda, na simu imeganda, na hakuna mtu ambaye angezichanganya. Lakini mfasiri mwenye haraka huandika “My phone freezes” kwa zote mbili, na fundi anabaki hajui kama mteja anaweza kubonyeza mipangilio anayoelekezwa au ameshika kipande cha kioo kisichoitikia lolote.

Viambishi vinaendelea kufanya kazi yao. «Подвисает» ni kuganda kidogo kidogo: “It freezes for a second every now and then”. «Завис намертво», kuganda hadi kufa, ni “It completely froze” au “It locked up”.

Sasa, freeze au hang? Kwa kuwa зависать ni kuning’inia, “hang” linavutia kama ndugu wa damu. Na lipo kweli katika Kiingereza, ila hukaa zaidi kwenye midomo ya mafundi na hueleza programu au mchakato uliosimama ukisubiri kitu: “The app hangs on startup”. Anachokiona mtumiaji kwenye kioo ni “freeze”. Hapa Afrika Mashariki tahadhari ni kubwa zaidi, maana Kiingereza chetu, na Kiswahili cha Nairobi pia, kimezoea kusema simu inahang. Msomaji wa Marekani atakuelewa, ila yeye angeandika “freezing”. Kuna na la tatu. «Установка зависла на 80 процентах» ina namba inayohesabu kuelekea mia, na penye kuhesabu hivyo neno la asili ni “stuck”: “The installation is stuck at 80 percent”.

Halafu kuna «фризит» na «фризы», na huu ndio mtego mkali kuliko yote kwenye makala hii. Neno limechukuliwa kutoka “freeze”, na unaweza kuapa kwamba kulirudisha ni kazi ya kunakili. Lakini mchezaji wa Kirusi anapolalamikia фризы mara nyingi anamaanisha mikwamo midogo ya nusu sekunde, picha inayojikwaa kisha inaendelea. Kiingereza huita hiyo “stuttering”, au “hitching”. Andika “The game freezes” na mtengenezaji wa gemu atatumia siku nzima akitafuta hitilafu inayosimamisha gemu kabisa, ambayo haipo. Jirani yake ni «просадки фпс», kushuka kwa idadi ya picha zinazoonyeshwa kila sekunde, ambayo ni “frame rate drops”.

Uzito wa kundi hili ni wa kawaida kabisa: “freeze” linasemwa na kila mtu, “hang” lina harufu ya ofisi ya ufundi, “stutter” ni la gemu na video. Linamfaa yeyote anayeeleza kusimama badala ya mwendo mdogo.

Throttled, na lugha ya taarifa

Maneno manne yaliyotangulia hayamlaumu mtu. Hili linalaumu. “Throttle” ni kupunguza kasi kwa makusudi, na kwa Kirusi linaitikia замедлять kuliko тормозить.

Mfano uliowekwa wazi kabisa ni wa Twitter. Tarehe 10 Machi 2021 Roskomnadzor, mamlaka ya Urusi inayosimamia mawasiliano, ilitangaza kwamba imeupunguzia kasi mtandao huo kwenye simu zote za mkononi na kwenye nusu ya vifaa vya mezani. Magazeti ya Kirusi yaliandika замедление. Ya Kiingereza yaliandika “slowdown” na “throttling”. Kichujio kilichotumika kilikuwa kinatafuta t.co, anwani fupi ya Twitter, na kikanasa kila jina lenye herufi hizo zikifuatana, microsoft.com na reddit.com zikiwemo. Fikiria basi mtu wa Urusi siku hiyo akilalamika kwamba tovuti ya Microsoft тормозит. Yeye hajui kilichotokea. Anaona ukurasa hausogei. Tafsiri yake ni “The site is really slow today”. Mwandishi wa habari anayeeleza kisa kile kile jioni ataandika “was throttled”. Tukio moja, na Kiingereza sahihi ni viwili, kulingana na anayesema anajua nini.

Mwaka 2024 hilo lilijirudia kwa YouTube, kwa uzito mkubwa zaidi. Mwezi Julai mbunge Alexander Khinshtein alisema kasi ya kupakia YouTube kwenye kompyuta ingepungua kwa hadi asilimia 40 wiki hiyo na kwa hadi asilimia 70 wiki iliyofuata, ilhali kampuni ya mawasiliano Rostelecom ilikuwa imetaja vifaa vya Google kuwa chanzo cha matatizo. Katika hali hiyo, sentensi «YouTube тормозит» na «YouTube замедляют» zinaweza kutoka kwa watu wenye misimamo tofauti kabisa. Ya kwanza ni “YouTube is slow”. Ya pili ni “YouTube is being throttled”. Umbo замедляют ni la wingi lisilotaja mtenda, kama sisi tunavyosema “wameiba baiskeli yangu” bila kujua wezi ni akina nani, na Kiingereza hulitoa kwa kauli ya kutendwa. Mfasiri akiweka “throttled” mahali pa тормозит, amemtia mtu mdomoni shutuma ambayo hakuitoa. Akiweka “slow” mahali pa замедляют, ameifuta shutuma aliyoitoa. Kwangu hilo ni kosa zito, na haliokolewi na uzuri wa sentensi.

Simu nazo zina kisa chao. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba iOS, mfumo unaoendesha iPhone, hupunguza kasi ya prosesa kwenye baadhi ya iPhone zenye betri iliyochoka, ili zisizimike ghafla. Iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na Februari 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowajulisha wateja. Mmiliki wa iPhone 6 aliyelalamika kabla ya hapo alikuwa na simu “slow”. Baada ya hapo alikuwa na haki ya kuiita “throttled”.

Matumizi ya pili ya neno hili hayana lawama: prosesa ikipata moto hujipunguza yenyewe. Mrusi husema «ноут троттлит», Mwingereza husema “The laptop is thermal throttling”, na wapenzi wa kompyuta wa pande zote wataelewana.

Karibu na hapo ndipo ilipo lugha ya taarifa za kampuni. «Наблюдается снижение производительности» ni sentensi inayopendwa na ofisi za Kirusi. Mtego umo katika производительность, ambalo kwenye uchumi ni “productivity” na kwenye mashine ni “performance”. Seva haina “decreased productivity”. Andika “We are seeing degraded performance”, kama kampuni za Kiingereza zinavyoandika kwenye kurasa zao za hali ya huduma. Lakini kamwe usimpe mteja wa kawaida maneno hayo. Hakuna mama anayemwambia mwanawe kwamba simu yake ina “degraded performance”.

Magonjwa mengine yanayofanana na haya

Kuna maneno yanayotembea pamoja na тормозит na si polepole hata kidogo. «Летает», inaruka, ni sifa: kifaa kina kasi ya ajabu, “It’s lightning fast”. «Вылетает», inaruka nje, ni maafa: “It keeps crashing”. Herufi mbili zinageuza pongezi kuwa lalamiko. «Глючит» linatokana na глюки, mazuka anayoyaona mtu asiye sawa kichwani. Kifaa kinafanya mambo ya ajabu, “It’s glitchy” au “It’s acting up”, na kasi yake inaweza kuwa nzuri tu. «Не тянет», haivuti, husemwa kwa mashine iliyozidiwa: «Ноут не тянет эту игру» ni “My laptop can’t handle this game”. «Слабое железо», chuma dhaifu, ni “low-end hardware”.

Na «память». Mrusi anaposema память забита anaweza kumaanisha nafasi ya kuhifadhia picha au RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa, kama sisi tunavyosema memori imejaa bila kutofautisha. Kiingereza hutenganisha: nafasi ya mafaili ni “storage”, na “memory” ni RAM. Uliza ni ipi. Fundi atatoa dawa tofauti kabisa kwa kila moja, na mteja aliyeambiwa afunge programu wakati picha zake ndizo zimejaza simu atakuwa amepotezewa jioni.

Ushike lipi, kwa hali gani

Una mstari mmoja, hujui lolote zaidi, na mteja hapatikani: “slow” na “my”, pamoja na “has been” kama tatizo lina muda. Hutaongopa.

Unatafsiri kwa ajili ya fundi: acha neno la Kirusi lipumzike na uandike kinachoonekana. Mwendo mdogo, pengo baada ya kugusa, kusimama, au kujikwaa kwa picha. Kisha kitendo kinachosababisha, kisha kama bado kinaendelea sasa hivi. “Keeps freezing when I open the camera” inamsaidia kuliko neno lolote zuri la peke yake.

Ni tathmini ya bidhaa: “sluggish” kwa подтормаживает, na linda kile “a bit”. Kwa еле ворочается usiogope “crawling”.

Ni gemu: “lag” kwa mtandao na vidole, “stutter” kwa picha, “freeze” kwa kusimama kabisa. Ukiona фризы, tafuta video au uliza inasimama kwa muda gani kabla hujaamua.

Ni habari au sheria: angalia kama Kirusi kina mtenda, hata aliyefichwa ndani ya wingi. Akiwapo, “throttled” au “slowed down by”. Asipokuwapo, usimzue.

Ni mazungumzo, filamu au ujumbe wa marafiki: hapo тормозит huenda hata haimhusu mashine. «Я сегодня торможу» ni mtu ambaye kichwa hakijamka, “I’m so slow today” au “My brain’s not working today”. Tangazo la Snickers lililoenea sana Urusi lilijengwa juu ya amri ya kitenzi hiki, не тормози, na mtu akikutania kwa maneno hayo jikoni kwa wenzako, Kiingereza chake ni “Come on, keep up”.